Kati ya Kumbukumbu na Ukumbusho: Sanaa ya Sammy Baloji na Mji wa Lubumbashi

Katika Kiswahili, kumbukumbu na ukumbusho ni maneno ya mzizi mmoja, na mara nyingi hutumiwa kana kwamba ni visawe. Hata hivyo, unyambuaji unayatenganisha. Kumbukumbu inatokana na kukumbuka, tendo ambalo mtu anaweza kulitenda peke yake, kimyakimya, hata gizani. Ukumbusho unatokana na kukumbusha, na kitenzi hiki cha usababishi hakikamiliki bila pande mbili: mwenye kukumbusha na mwenye kukumbushwa. Tofauti hii, ambayo katika darasa la sarufi humalizwa kwa dakika chache, imekuwa na uzito wa pekee katika historia ya sanaa ya mji wa Lubumbashi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Huko, katika miaka ya 1970, ukumbusho lilikuwa neno la wachoraji na wateja wao walipoeleza kazi ya picha ni nini. Lugha ya Kifaransa, ambayo ndiyo lugha ya katalogi na majumba ya maonyesho, ina neno moja linaloweza kubeba fahamu hizo zote mbili. Neno hilo ndilo alilolichagua Sammy Baloji kuwa jina la mfululizo wa picha uliompa umaarufu: Mémoire. Makala haya yanachunguza iwapo kazi ya msanii huyu, aliye pia mwasisi wa tamasha kubwa la picha mjini kwao, ni kumbukumbu au ni ukumbusho. Na kama ni ukumbusho, ni nani anayekumbushwa.

Swali hili linawahusu wahakiki wa fasihi ya Kiswahili kuliko inavyodhaniwa. Katika vyuo vyetu, ramani ya sanaa za Kiswahili huanzia Lamu, ikateremka hadi Kilwa, ikapanda bara hadi Kigoma, na hapo ikakoma kwenye maji ya Ziwa Tanganyika. Ng'ambo ya ziwa hilo kuna mamilioni ya watu wanaoishi, wanaoimba, wanaosali na kugombana kwa Kiswahili, lakini lugha yao hutajwa darasani kama mfano wa upotofu wa upatanisho wa ngeli. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, alionyesha jinsi Kiswahili cha Katanga kilivyopewa hadhi ya lugha ya kazi na watawala na makampuni, na jinsi wafanyakazi walivyokitwaa kikawa chao. Ni lugha iliyokulia mgodini. Hata jina la jimbo lenyewe lilikuwa la Kiswahili kwa muda: tangu mapema miaka ya 1970 hadi mwaka 1997 Katanga iliitwa Shaba.

Ukumbusho ukutani

Ili kumwelewa Baloji ni lazima kwanza kumtazama aliyemtangulia. Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alikuwa mmoja wa wachoraji waliouza kazi zao mitaani, akichora kwenye magunia ya unga yaliyopakwa rangi ya awali. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea Fabian mfululizo wa picha zaidi ya 100 zinazosimulia historia ya nchi yake, na kila moja aliieleza kwa mdomo, kwa Kiswahili cha Shaba. Maelezo hayo yalichapishwa mwaka 1996 pamoja na picha zenyewe. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Aliyoyaacha ni zaidi ya michoro: ni kitabu cha historia kilichotungwa kwa rangi na kwa lugha ya Kiswahili, nacho kinastahili kusomwa sambamba na tenzi za kihistoria za pwani.

Mchoro uliopendwa kuliko yote katika sebule za wafanyakazi wa Lubumbashi, na uliochorwa na wasanii wengi, ni ule unaoitwa Colonie belge. Unaonyesha ua wa gereza, mfungwa amelazwa kifudifudi, askari Mwafrika anamchapa viboko, na afisa Mbelgiji amesimama kando akitazama. Kwa nini mfanyakazi anunue picha ya kuchapwa na kuitundika juu ya meza anayolia chakula? Jibu la wenyewe lilikuwa kwamba ni ukumbusho. Mgeni huingia, huiona, huuliza au huguna. Mwenye nyumba husimulia, na watoto husikiliza. Isitoshe, watazamaji walijua vyema kwamba afisa anaweza kubadilika rangi na kiboko kikabaki kilekile. Picha haikuwa na haja ya kutamka jambo hilo chini ya utawala wa Mobutu. Mazungumzo ya sebuleni yaliweza kulitamka, au kunyamaza mahali panapostahili.

Hivyo ukumbusho, kwa maana ya Lubumbashi, si sifa ya picha peke yake. Ni tukio linalohitaji ukuta, mwenye nyumba, mgeni, na lugha ambayo wote wanaielewa. Ikiondolewa mojawapo ya nguzo hizo, picha inabaki, lakini ukumbusho unapungua.

Mkasi na chokaa

Sammy Baloji alizaliwa Lubumbashi mwaka 1978. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huo, akaanza sanaa kwa kuchora hadithi za vibonzo kabla ya kushika kamera, kisha akaendelea na masomo mjini Strasbourg. Anafanya kazi kati ya Lubumbashi na Brussels. Alitunukiwa kwenye maonyesho ya Bamako mwaka 2007, akapata tuzo ya Prince Claus mwaka 2008, akawa mwanagenzi wa Olafur Eliasson katika mpango wa Rolex mwaka 2014 na 2015, akaonyesha Venice mwaka 2015 na katika documenta ya 14 mwaka 2017. Orodha ya heshima hizi ni ndefu, na haifundishi mengi kuhusu kazi yenyewe. La kufaa zaidi kulizingatia ni kibonzo: mchora vibonzo huzoea kumkata mhusika kutoka fremu moja na kumweka katika nyingine, na huzoea kuamini kwamba msomaji ataruka pengo lililo kati ya fremu hizo.

Mémoire, iliyoundwa kati ya mwaka 2004 na 2006, ilitokana na kazi ya kupiga picha za majengo ya kale ya Katanga. Katika kazi hiyo Baloji alikutana na makavazi ya Gécamines, shirika la serikali lililorithi mali ya Union Minière du Haut-Katanga. Kampuni hiyo ya Kibelgiji iliundwa mwaka 1906, ikaanza kuyeyusha shaba Lubumbashi mwaka 1911, na ikataifishwa katika miaka ya 1960. Katika makavazi hayo mna picha za kampuni: wafanyakazi waliopangwa mistari, wafungwa, wazungu wenye kofia za jua wakiwa wameketi mbele ya kazi wasiyoifanya. Baloji aliwakata watu hao katika picha zao za nyeusi na nyeupe, akawasimamisha ndani ya picha mpya za rangi alizozipiga mwenyewe, za karakana zilizoporomoka, reli zilizoota nyasi, na lile lundo la takataka za madini lililo kando ya bomba refu la moshi, ambalo kwa Lubumbashi ni kama Fort Jesus kwa Mombasa. Picha ni ndefu kwa upana, na jicho haliwezi kuzimeza mara moja.

Yafaa kuitazama fani yake kwa makini. Baloji hakuficha mshono. Kivuli cha mtu hakilingani na jua la mandhari. Miguu yake haikanyagi udongo sawasawa. Rangi inaisha ghafla pale mwili unapoanza. Fundi wa kompyuta angeweza kuyarekebisha hayo yote. Kwa kuyaacha, msanii anamnyima mtazamaji faraja ya kuamini kwamba anaona tukio moja. Watu hawa hawamo katika magofu haya, na wakati huohuo magofu haya yasingekuwepo bila wao.

Ni hapa ambapo wahakiki wamegawanyika. Baadhi wanaisoma Mémoire kama shtaka dhidi ya ukoloni. Wengine wanaisoma kama maombolezo ya neema iliyopotea, na maonyesho yaliyoratibiwa na Bogumil Jewsiewicki mjini New York mwaka 2010 yalibeba jina linalomaanisha wakati mzuri, yakirejelea namna wakazi wa Katanga wanavyouita wakati wa kampuni. Kila upande una hoja. Uzalishaji wa Gécamines ulizidi tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka 1990, na kufikia katikati ya muongo huo uzalishaji haukufika tani 50,000. Mwaka 2003, mwaka mmoja tu kabla ya Baloji kuanza mfululizo huu, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa kazi katika mpango uliogharimiwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Kampuni ilikuwa imewapa baba zao nyumba, zahanati, shule na posho ya unga. Ilikuwa pia imewapa viboko, na Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma walipigwa risasi mjini humohumo, akiwemo kiongozi wao Léonard Mpoyi.

Ubora wa Mémoire ni kwamba haimruhusu mtazamaji kuchagua nusu moja ya historia hiyo. Mtu mwenye kumlilia Gécamines analazimika kulia mbele ya mnyororo. Mtu mwenye kuulaani ukoloni analazimika kueleza kwa nini karakana imekuwa gofu mikononi mwa warithi. Picha za Tshibumba zilifanya jambo hilohilo kwa njia ya mazungumzo. Hizi zinalifanya kwa njia ya mshono. Video ya jina hilohilo ya mwaka 2006, ambamo mcheza dansi Faustin Linyekula anajinyonganyonga kati ya mashine zilizokufa huku sauti za viongozi zikitoa ahadi, inaongeza upande wa dola uliokosekana kwenye picha. Hata hivyo video hiyo inasema zaidi ya inavyohitajika: hotuba za wanasiasa ni shabaha rahisi.

Liko pingamizi zito zaidi, nalo halipaswi kupuuzwa. Wafungwa na vibarua waliopigwa picha na kampuni hawakuulizwa ridhaa yao. Je, msanii anapowatundika tena mbele ya macho ya wageni, hawavui nguo mara ya pili? Jibu moja linapatikana katika kile alichokiondoa. Katika picha ya kampuni, mandhari ndiyo iliyokuwa hoja: mgodi, reli na moshi vilitoa sababu ya kuwepo kwa miili hiyo, na miili ikawa kipimo cha maendeleo. Baloji ameitupa mandhari hiyo na kuibakiza miili. Sasa ni wao wanaouhukumu mgodi. Jibu hili linatosha kwa picha zilizo bora katika mfululizo huo, zile ambazo watu wanatazama moja kwa moja kwenye kamera. Kwa zile ambazo wamegeuziwa mgongo au wamepangwa kama bidhaa, halitoshi.

Katika Congo Far West, iliyoonyeshwa mwaka 2011 kwenye jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, ufundi uleule ulipewa malighafi nyingine. Msafara wa Charles Lemaire ulipita Katanga kati ya mwaka 1898 na 1900 ukiwa na mpiga picha, François Michel, na mchoraji, Léon Dardenne. Michel alipiga picha za watu kwa ajili ya vipimo; Dardenne alichora kwa rangi za maji mabonde na mito, mengi yake yakiwa hayana watu. Baloji aliwabandika watu wa Michel juu ya mandhari ya Dardenne. Tokeo lake linafichua mgawanyo wa kazi uliokuwa umejificha katika makabati mawili tofauti: mmoja alikusanya watu bila nchi yao, mwenzake akaikusanya nchi bila watu wake, na kwa pamoja wakawaandalia wenye hisa ardhi isiyo na mwenyewe. Ni hoja kali, na imetolewa ndani ya nyumba ya mtuhumiwa. Lakini anayekumbushwa hapa ni Mbelgiji. Mtu wa Lubumbashi hayupo hata kama mgeni.

Inzi hamsini

Kazi iliyo fupi kuliko zote na iliyojaa kuliko zote ni Essay on Urban Planning ya mwaka 2013. Ni picha 12 zilizopangwa kama mraba wa ubao wa dama. Nusu ni picha za Lubumbashi kutoka angani. Nusu ni masanduku ya wadudu waliochomwa kwa pini kutoka mkusanyiko wa makumbusho ya mji huo, inzi na mbu. Kando yake huwekwa picha ya enzi ya ukoloni inayokumbusha amri ya kila mfanyakazi kuleta inzi 50 waliokufa ili apate posho yake ya siku. Kutoka angani unaonekana ukanda mtupu uliotenganisha mji wa wazungu na mtaa wa Waafrika, ambao upana wake ulitetewa kwa hoja ya umbali ambao mbu anaweza kuruka.

Hakuna mtu hata mmoja katika kazi hii, wala hakuna kilio. Ubaguzi unaonekana kama hesabu: mita kadhaa, inzi kadhaa. Mwanafunzi wa fasihi atakumbuka kwamba kejeli kali zaidi huwa haipazi sauti. Baloji amemwachia msomaji ajumlishe mwenyewe, na msomaji wa Nairobi hahitaji kwenda Kongo kufanya jumla hiyo. Sera ya kutenga makazi kwa kisingizio cha tauni na malaria ilipita hapa pia, na mipaka yake bado inaonekana kati ya mitaa. Katika mizani ya uhakiki, picha hizi 12 zina uzito kuliko sanamu nyingi zilizofuata.

Sanamu hizo zinahitaji kutajwa, ingawa kwa ufupi. Baada ya mwaka 2015 Baloji aliihama karatasi na kuingia katika shaba yenyewe: kuba la shaba lililoonyeshwa Venice mwaka huo, makasha ya mizinga yaliyogeuzwa vyungu vya mimea, na Johari – Brass Band, iliyoundwa mwaka 2020 kwa ajili ya Grand Palais mjini Paris, ikiunganisha umbo la madini na umbo la ala za tarumbeta. Makasha yana nguvu, kwa kuwa yanatoka katika desturi halisi ya nyumba za Ubelgiji kupanda maua ndani ya masalio ya vita. Zilizobaki zinang'aa mno. Shaba iliyosuguliwa vizuri hupendeza popote inapowekwa, na mahali panapopendeza huwa vigumu kumkumbusha mtu chochote. Neno Johari, la Kiswahili, limewekwa mbele ya jengo la Kifaransa bila ya kuwa na mtu wa kuzungumza nalo.

Sauti

Mwaka 1965 chama cha watumishi wa nyumbani wa zamani mjini humo kilitoa maandishi ya Kiswahili yaliyopigwa taipu, yaliyotiwa sahihi na André Yav, kuhusu historia ya mji wa Elisabethville, jina la Lubumbashi enzi ya Wabelgiji. Fabian aliyahariri na kuyachapisha mwaka 1990. Maandishi hayo ni ya mpishi na dobi anayeusimulia mji kutoka jikoni na nyuma ya nyumba, kwa sarufi ambayo mtahini wa shule ya upili angeitia wino mwekundu kuanzia mstari wa kwanza. Yanaudhi, yanachekesha, na hayana ukimya. Ukiyaweka karibu na Mémoire, kasoro moja ya picha hizo inajitokeza: watu wake hawasemi. Kampuni iliwapiga picha bila majina, na picha za Baloji zimeirithi hali hiyo ya kutokuwa na majina. Tshibumba alikuwa na hadithi kwa kila turubai. Baloji ana kichwa kimoja cha Kifaransa kwa mfululizo mzima.

Filamu yake Tales of the Copper Cross Garden, iliyoonyeshwa katika documenta ya mwaka 2017, inaelekea kuwa jibu kwa kasoro hiyo. Inafuata uzi wa shaba unavyovutwa kiwandani Lubumbashi, kutoka upau mnene hadi waya mwembamba, huku kwaya ya watoto ya enzi ya misheni ikisikika. Kwaya hiyo ilipewa jina la msalaba wa shaba, ambao kabla ya Wazungu ulikuwa fedha ya Katanga. Katikati yake yanatokea maneno kutoka kitabu cha kumbukumbu za maisha cha V. Y. Mudimbe kilichotoka mwaka 1994, ambamo mwanafalsafa huyo anaeleza jinsi wamonaki Wabenedikto walivyomlea. Fedha imekuwa msalaba, msalaba umekuwa wimbo, mtoto amekuwa msomi: utaratibu ni uleule wa kuyeyusha na kuvuta. Kwa dakika nyingi hakuna anayeeleza chochote. Mfanyakazi anashika waya uliowaka moto kwa koleo, anaurudisha kwenye mtambo, anaushika tena. Sauti imerudi, lakini ni ya Kilatini na ya Kifaransa. Mfanyakazi bado hajasema. Katika filamu ya mwaka 2025 kuhusu kituo cha utafiti cha Yangambi, The Tree of Authenticity, msanii amekwenda mbali zaidi, akimpa sauti Paul Panda Farnana, mtaalamu wa kilimo Mkongo wa mwanzo wa karne ya 20, na hata mti.

Picha na Waza

Upande wa pili wa kazi yake ndio unaolibadili swali. Mwaka 2008 Baloji, mwandishi Patrick Mudekereza na wenzao walianzisha Lubumbashi mikutano ya picha iliyokua ikawa tamasha la kila miaka miwili. Jina walilolipa shirika lao halikuwa la Kifaransa: waliliita Picha. Mudekereza baadaye alikiongoza kituo kingine cha sanaa mjini humo, kiitwacho Waza. Kwa nomino moja na kitenzi kimoja, kizazi hiki kimelirudisha neno la Kiswahili mlangoni, mahali ambapo Baloji mwenyewe katika kazi zake alikuwa ameliacha nje.

Kama mratibu, Baloji ana tabia ya mwenyeji kuliko ya mkurugenzi. Badala ya kujipa usukani aliwapa wageni: Simon Njami mwaka 2010, Elvira Dyangani Ose mwaka 2013, Toma Muteba Luntumbue baada yao, Sandrine Colard mwaka 2019. Unyenyekevu huo una faida na gharama zake. Faida ni kwamba mji ambao ulikuwa haufikiki kwenye ramani ya sanaa ulipata wageni wenye uzito, na vijana wa huko wakapata karakana, kamera na wakosoaji. Gharama ni kwamba kila tamasha lilikuwa na mada iliyofikiriwa sehemu nyingine, kwa lugha ambayo muuza mkaa wa Katuba hahitaji kuijua, na kwa fedha ambazo sehemu yake kubwa hutoka Ulaya. Wakosoaji wanaodai kwamba tamasha kama hili ni dirisha la kutazamiwa na wageni wana haki kwa kiasi fulani. Wanasahau kwamba bila dirisha hilo picha za Mémoire zisingekuwa na ukuta wowote Katanga, na zingeonwa na wajukuu wa wakurugenzi wa kampuni kabla ya kuonwa na wajukuu wa wachimbaji.

Kwa kuwa ndivyo ilivyo: soko la picha hizi liko Brussels, Paris na New York. Mfanyakazi wa mwaka 1974 aliweza kununua Colonie belge kwa sehemu ya mshahara wake. Mjukuu wake, anayechimba kobalti kwa mikono karibu na Kolwezi, ambaye Baloji alimpiga picha pamoja na wenzake kati ya mwaka 2009 na 2012, hana uwezo wa kuinunua picha yake mwenyewe. Baloji anaonekana kulijua jambo hili vizuri. Katika mfululizo huo wa Kolwezi aliziweka picha za mashimo na mahema ya turubai sambamba na mabango ya bei nafuu yaliyochapishwa nchini China, yenye maporomoko ya maji, bustani na majumba yasiyo na nchi, ambayo wachimbaji walikuwa wameyanunua. Yaani alikwenda kutazama ukutani kwao kuna nini. Badala ya ukumbusho alikuta ndoto, na hakuicheka. Ukuta wa sebule aliouacha Tshibumba umechukuliwa na bango, na hakuna uhakiki wa sanaa ya Katanga utakaokamilika bila kuyasoma mabango hayo kwa heshima ileile.

Toleo la saba la tamasha, la mwaka 2022, liliongozwa na Picha yenyewe pamoja na waratibu washirika, na mada yake, ToxiCité, ilicheza na neno la sumu na neno la mji. Kwa mara hiyo mada haikuhitaji kufafanuliwa kwa wenyeji. Lundo lile la takataka za madini, ambalo katika picha za mwaka 2006 lilisimama kama kaburi la Union Minière, lilikuwa tayari limechakatwa kwa miaka mingi kwa ajili ya kobalti iliyosalia ndani yake. Vumbi lake huingia majumbani katika msimu wa kiangazi, juu ya meza, juu ya vikombe, na juu ya chochote kilichotundikwa ukutani.